Mdudu wa kijitoni asiye na jina: jinsi spishi mpya ya Trikoptera inavyotambulishwa

Mtu akigeuza jiwe katika kijito cha maji baridi kwenye milima ya Usambara, nchini Tanzania, mara nyingi hukuta limegandwa na vijumba vidogo visivyozidi ukucha. Vingine ni vya changarawe, vingine ni vya vipande vya majani vilivyopangwa kwa ustadi. Humo ndimo anamoishi buu la mdudu wa oda ya Trikoptera. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha nywele na jingine bawa, kwa kuwa mdudu aliyekomaa ana mabawa yenye nywele, si magamba kama ya nondo au kipepeo. Asiyemchunguza humwita nondo tu, wala hakosei sana, maana makundi hayo mawili yana undugu wa karibu.

Spishi za Trikoptera zilizokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 16,000. Buu hutoa uzi wa hariri mdomoni, akautumia kuunganishia nyumba yake au, kwa baadhi ya familia, kufumia wavu wa kunasia chakula kinachopita na mkondo. Familia ya Pisuliidae, isiyopatikana nje ya Afrika ya kusini mwa Sahara na Madagaska, hujenga kijumba chenye pande tatu kwa vipande vya majani yaliyoanguka majini. Msitu ukifyekwa kandokando ya kijito, mdudu huyo hupoteza chakula na nyumba kwa wakati mmoja.

Usambara Magharibi kuna msitu wa Mazumbai, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walikusanya humo wadudu wengi wa majini, na vielelezo hivyo vilichunguzwa kwa miaka mingi baadaye. Ndivyo kazi hii ilivyo. Kukusanya ni suala la siku chache, ilhali kutambulisha kunaweza kungoja hadi apatikane mtaalamu wa familia husika, na wataalamu hao ni wachache.

Mkusanyaji huwasha taa jioni kando ya maji, akaweka chini yake sinia jeupe. Wadudu waliokomaa huifuata nuru, nao huhifadhiwa katika spiriti ya asilimia 80 hivi. Maabarani, dume hukatwa ncha ya tumbo, na ncha hiyo huchemshwa katika dawa kali ya potasi au asidi ya laktiki hadi nyama iyeyuke na kubaki gamba lililo wazi. Kisha huchorwa chini ya hadubini, kwa ubavu, kwa juu na kwa chini. Msomaji anaweza kushangaa kwamba viungo vya uzazi vya dume ndivyo vinavyoamua jambo lote. Sababu ni kwamba spishi mbili zaweza kufanana kwa mabawa, rangi na ukubwa hata zisitenganishwe kwa macho, lakini umbo la viungo hivyo likatofautiana waziwazi. Mchoro hulinganishwa na kila spishi ya jenasi hiyo iliyokwisha kuelezwa, na hapo ndipo siku nyingi zinapokwisha.

Haraka ina hatari yake. Mwaka 1834 mtaalamu wa konokono wa Marekani, Isaac Lea, alikieleza kijumba cha mchanga kilichojisokota kuwa ni konokono mpya, akampa jina Valvata arenifera. Alikuwa ameshika nyumba ya buu la Trikoptera wa jenasi ambayo leo huitwa Helicopsyche.

Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinadai mambo machache lakini hazina huruma. Jina liandikwe kwa herufi za Kilatini, maelezo yachapishwe hadharani, na tangu mwaka 2000 kielelezo kimoja, kiitwacho holotipi, kitajwe bayana pamoja na jumba la makumbusho linalokihifadhi. Hazilazimishi lugha ya maelezo. Kwa sheria, spishi ya Usambara ingeweza kuelezwa kwa Kiswahili, ingawa zinashauri lugha inayosomwa na wengi duniani. Jina lenyewe laweza kutokana na lugha yoyote, au na tukio: mwaka 2021 watafiti wa Kosovo walimwita Trikoptera wa milima yao Potamophylax coronavirus.

Upande wa Kongo, mtafiti wa Kibelgiji Georges Marlier, aliyefanya kazi Uvira, alieleza mwaka 1955 jenasi ya Limnoecetis kutoka Ziwa Tanganyika. Vielelezo vingi vya eneo letu vya enzi hizo, na hata vya Mazumbai, vimo katika makabati ya Ulaya. Mwanafunzi wa Morogoro au Bukavu anayetaka kuhakiki spishi ya kijito cha kwao hulazimika kuomba picha au mkopo kutoka ng'ambo. Kwa maoni ya mwandishi, hilo linachelewesha kazi kuliko uhaba wa hadubini.

Na kazi yenyewe ina matumizi ya karibu. Tanzania ina mfumo wa kupima afya ya mito uitwao TARISS, ambao huzipa alama familia za wanyama wadogo wa majini. Familia za Trikoptera zisizovumilia uchafu huhesabiwa alama za juu, hivyo kutoweka kwao huashiria kwamba mto unaharibika. Tatizo ni kwamba mpimaji hushika buu, ilhali jina la spishi limefungwa kwenye dume. Mabuu ya spishi nyingi za tropiki hayajawahi kuunganishwa na wazazi wao.

Siku hizi vinasaba huziba pengo hilo, lakini ipo njia ya kale isiyo na gharama. Buu linapogeuka bundo, hujifungia kijumbani na kuacha humo vipande vya ngozi yake ya zamani. Ukilipata bundo la dume lililokaribia kutoka, una viungo vya uzazi vya mkomavu na kichwa cha buu katika kijumba kimoja, na mwaka wa kusubiri umeokolewa.