Kuegesha Gari Mteremkoni: Istilahi na Kazi Yake

Miongoni mwa maneno ambayo watu wa pwani waliyatumia kwa vyombo vya majini kabla ya gari la kwanza kuonekana katika nchi hizi, na ambayo baadaye yalipanda barabarani bila ya kubadili maana yao, sioni lililotulia mahali pake kuliko kuegesha. Asili yake ni kuegama, yaani kulalia upande hali umetegemea kitu, na nahodha aegeshaye chombo ni yule akisogezaye polepole hata ubavu wake ukakaribiana na gati au na ubavu wa chombo cha mwenziwe. Madereva wetu aghalabu husema kupaki, nalo ni neno lililokwisha kupata uraia, wala sina nia ya kulifukuza. Lakini kupaki halimwambii msikilizaji neno lolote ila kwamba gari limesimama, ilhali kuegesha humlazimisha aulize: limesimama kwa kuegemea nini?

Mahali palipo tambarare swali hilo laweza kupita bila ya jawabu, na gari likakaa usiku kucha kwa rehema ya ardhi peke yake. Kigoma si mahali hapo. Kiwanja cha ndege kilicho upande wa Katubuka kiko kadiri ya mita 820 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu na mita 770, hata mtu atokaye huko juu akashuka ziwani huwa ameteremka mita hamsini. Na ateremkaye kutoka Mwanga kuelekea stesheni, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1914, huona mwenyewe jinsi barabara inavyoinama mbele yake. Tuchukue gari dogo lenye uzito wa tani moja na nusu, tuliache penye mteremko unaoshuka mita moja katika kila mita kumi: hapo gari huvutwa kwenda chini kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 150, nguvu isiyolala wala kwenda kula, na dereva aliyekwisha kufunga mlango na kwenda zake dukani sharti awe ameacha nyuma yake kitu cha kushindana nayo.

Kitu cha kwanza ni ile iitwayo breki ya mkono, au hendibreki katika vinywa vya mafundi. Jina hili limetokana na kiungo cha mwili kinachokivuta chombo, si na kazi ya chombo chenyewe, na hapo ndipo lilipo kosa lake. Kwani yako magari ambayo breki hiyo hukanyagwa kwa mguu, na yako mapya ambayo hubonyezwa kwa kidole, na muradi wake katika yote ni mmoja, nao ni kulishika gari lililokwisha kusimama. Kwa hiyo wenye kuandika kwa uangalifu wangefanya vyema kuiita breki ya kuegeshea, jina ambalo hata asiyejua udereva hulifahamu papo hapo. Breki ya mguu hupeleka nguvu zake kwa mafuta katika magurudumu yote manne. Hii ya kuegeshea, katika magari mengi ya kawaida, huvuta waya tu unaokwenda magurudumu mawili ya nyuma, na waya hulegea kwa umri, na viatu vya breki huliwa, na mvutaji mwenyewe mara nyingi huivuta nusu kwa haraka. Fauka ya hayo, yako magari ambayo breki zao za nyuma ni za sahani, na sahani iliyopata moto kwa safari hunywea kidogo ipoapo, hata mshiko uliokuwa imara saa ya kuegesha ukapungua baada ya nusu saa, hali mwenye gari hayupo. Malori makubwa, kama yale yanayopakia bandarini au kushika njia ya Manyovu kuelekea Burundi, yana hukumu yao: kwao springi ndiyo ibanayo na upepo ndio ufunguao, hata upepo ukivuja wote breki hukaza badala ya kulegea. Gari dogo halikujaliwa hekima hiyo.

Ndiyo sababu magari ya gia za mkono yakahitaji kitu cha pili, nacho ni gia yenyewe. Injini iliyozimwa haikubali kuzungushwa kwa urahisi, maana pistoni zake hulazimika kuigandamiza hewa iliyomo ndani ya silinda. Na gari likiwa katika gia ya kwanza, gurudumu haliwezi kuzunguka mara moja ila injini nayo izunguke zaidi ya mara kumi, hata ukaidi mdogo wa injini ukafika kwenye tairi umekuwa ukaidi mkubwa. Gia ikiachwa nyutro, au fri kama wasemavyo vijana wa gereji, uhusiano huo hukatika, na gari hubaki huru, na uhuru wa gari mteremkoni ndio msiba wenyewe. Kanuni ya wakufunzi ni kwamba gari lililoelekea juu liachwe katika gia ya kwanza, na lililoelekea chini liachwe katika gia ya nyuma, ili injini ikilazimishwa kuzunguka izunguke kinyume cha mwendo wake na isipate njia ya kuwaka. Hata hivyo injini kuukuu, ambayo hewa yake huvuja pembeni mwa pistoni, huweza kusalimu amri kidogo kidogo, na gari likajongea shibiri baada ya shibiri. Kwa hiyo gia haiwi badali ya breki, bali ni msaidizi wake. Utaratibu ulio bora ni kukanyaga breki ya mguu, kuvuta ile ya kuegeshea hali gia iko nyutro, kuuachia mguu taratibu ili ionekane kama kweli imeshika, kisha ndipo kukanyaga klachi, kutia gia na kuzima injini. Na arudipo dereva asiwashe kabla ya kukanyaga klachi na breki, la sivyo gari litaruka kama beberu aliyechokozwa.

Kitu cha tatu ni ardhi, na hapa ndipo neno letu linaporejea katika maana yake ya asili. Kwetu twendeshao mkono wa kushoto, gari lililoelekea chini hugeuziwa magurudumu ya mbele upande wa kushoto, ili likiponyoka liegemee ukingo wa barabara. Lililoelekea juu, penye ukingo, hugeuziwa kulia, ili tairi likirudi nyuma liukute ukingo na kutulia. Na pasipo ukingo hugeuziwa kushoto, ili liiache njia badala ya kuingia kati ya watu. Najua kwamba katika mitaa yetu mingi penye kungojewa ukingo pana mtaro, na dereva huona uchungu kulielekeza gari lake shimoni kwa hiari. Lakini gari lililoingia mtaro hutolewa kwa kamba na vijana wanne, na lililoshuka hadi penye watu halina dawa.

Pamoja na magurudumu kugeuzwa, huwekwa kabari. Hili ni neno la kale la maseremala na wapasua magogo, na ni taabu ya bure kulitafutia jingine, ijapokuwa taniboi wa lori huliita jiwe kwa kuwa aghalabu ndilo alilo nalo. Kabari ya gogo lililochongwa upande hushika kuliko jiwe la mviringo, na mahali pake ni upande wa chini wa tairi, imesukumwa hata ikagusa.

Basi nawaomba wanaotunga vitabu vya mafunzo ya udereva waandike breki ya kuegeshea, na breki ya mkono waiache iendelee na maisha yake mitaani. Wala wasitenge somo la breki na somo la gia na somo la kabari kana kwamba ni mambo matatu, kwa maana yote matatu ni fasiri ya neno moja. Na dereva anayeondoka, kabla ya kupanda garini, aliokote jiwe lake aliweke kando ya njia, kwani jiwe lililosahauliwa katikati ya lami humngoja mwendesha pikipiki wa usiku.