Zawadi ya Chanjo na Mwisho wa Ndui

Ndui ilikuwa maradhi yasiyochagua tajiri wala maskini. Aliyeponea kifo alibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Kinga yake ilijulikana tangu mwaka 1796, Edward Jenner alipomchanja mtoto kwa ndui ya ng'ombe. Lakini dawa kujulikana si dawa kufika.

Katika mwaka 1958 Viktor Zhdanov, Naibu Waziri wa Afya wa Urusi ya Kisovieti, alisimama mbele ya Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mjini Minneapolis, Marekani, akaleta shauri la kuitokomeza ndui ulimwenguni. Serikali yake ikaahidi dozi milioni 25 za chanjo, na Kuba ikaahidi milioni 2. Mwaka uliofuata shauri likakubaliwa. Ukarimu huo ulikuwa na faida kwa mtoaji pia. Warusi walikwisha kuifukuza ndui nchini mwao tangu miaka ya 1930, lakini waliendelea kuwachanja watu wao kwa hofu ya mgonjwa atokaye ng'ambo. Mwomba chumvi huombea chungu chake. Na mtoa dawa naye hulinda nyumba yake.

Hata hivyo, wingi wa zawadi haukutosha. Chanjo ya majimaji iliharibika upesi kwa joto. Chanjo iliyogandishwa na kukaushwa, kwa njia aliyoikamilisha Leslie Collier huko Uingereza katika miaka ya 1950, iliweza kustahimili mwezi mzima katika joto la nyuzi 37. Lakini si kila kiwanda kilijua kuitengeneza vema. Kampeni kubwa ilipoanza mwaka 1967, ilionekana kuwa sehemu ndogo tu ya chanjo iliyotumika katika nchi zenye ndui ilifikia kipimo. Mzazi aliyempeleka mwanawe kuchanjwa kwa dawa iliyokufa alirudi nyumbani na matumaini pasipo kinga.

Ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotaka chanjo ipimwe kwanza, hata ikiwa ya zawadi, katika maabara za Kanada na Uholanzi. Nchi zenye ndui nazo zilisaidiwa kutengeneza chanjo ya kwao. Kampuni ya Wyeth iliiachilia bila malipo haki ya sindano yake yenye ncha mbili, na kwa sindano hiyo dozi moja ya zamani ilitosha watu wanne.

Mwezi wa Oktoba 1977, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, aliugua ndui, akapona. Baada yake hakuna tena aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangazwa kuwa huru.

Basi shukrani haimkatazi mpokeaji kukagua anachopewa. Mkono upokeao dawa una haki ya kuipima, na mkono utoao una wajibu wa kukubali kupimwa. Kwa maana anayelipa kosa la zawadi mbovu ni mtoto aliyenyoosha mkono wake achanjwe.