Ardhi kwa Ofisa, Nasaha kwa Askari: Riziki Baada ya Jeshi katika Kenya na Tanganyika, 1918–1952

Serikali za kikoloni za Afrika ya Mashariki zilianza kushughulikia riziki ya askari aliyevua sare pale zilipoanza kumwogopa, na kwa sababu hiyo historia ya misaada ya ajira na biashara kwa wanajeshi wa zamani wa Kenya na Tanganyika haisomeki kama historia ya ukarimu. Aliyepigana akiwa ofisa wa Kizungu alipewa mtaji, yaani ardhi na masharti nafuu ya kuilipia. Aliyepigana akiwa askari mweusi alipewa mafunzo, nasaha na cheti. Na mpagazi aliyewabebea mizigo wote wawili mara nyingi hakuupata hata mshahara alioutolea jasho. Mpangilio huo ulikuwa sera, nao ulionekana waziwazi mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wapagazi ndio waliokuwa wengi kupita makundi yote ya vita hivyo. Jeshi la Uingereza liliwakusanya katika kikosi cha wachukuzi ambacho wenyeji walikiita Kariakoo, jina lililobaki kwenye kitongoji cha Dar es Salaam palipokuwa kambi yao, na kwenye mtaa wa Kariokor jijini Nairobi. Hesabu rasmi ziliwataja waliokufa kuwa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, homa na njaa kuliko kwa risasi, na watafiti wa baadaye wameiona hesabu hiyo kuwa ndogo mno. Mishahara ya waliokufa ilibaki katika vitabu vya serikali bila kuwafikia wajane na watoto, kwa hoja kwamba kumbukumbu za majina na vijiji hazikutosha kumtambua mrithi. Hoja hiyo haikukosa ukweli, kwa kuwa orodha ziliandikwa ovyo na majina yalitamkwa vibaya. Hata hivyo, serikali iliyoweza kumfikia kijana katika kijiji chake ili kumchukua kwa nguvu haikuwa na sababu kubwa ya kushindwa kukifikia tena kijiji hichohicho ikiwa na fedha.

Wakati madai ya wapagazi yakizungushwa ofisini, mwaka 1919 Kenya, ambayo wakati huo bado iliitwa Himaya ya Afrika ya Mashariki ya Uingereza, ilitangaza mpango wa kuwapa makazi wanajeshi wa zamani. Zaidi ya ekari milioni 2 za nyanda za juu zilikatwa kuwa mashamba, baadhi yake madogo yaliyotolewa bure na mengine makubwa ya kununuliwa kwa malipo ya miaka mingi, kisha bahati nasibu ikachezeshwa katika ukumbi wa Theatre Royal jijini Nairobi na nyingine London ili kuamua nani achague kwanza. Sharti la kuingia lilikuwa asili ya Kizungu, kwa hiyo askari wa Kihindi waliopigana upande uleule hawakuingia, na Waafrika hawakufikiriwa kabisa. Sehemu ya ardhi hiyo ilimegwa kutoka hifadhi ya Wanandi, jamii ambayo vijana wake walikuwa wameingia kwa wingi katika King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maofisa Waingereza lililoundwa mwaka 1902 na kujulikana kwa herufi zake KAR, na ambalo wenyeji waliliita Keya.

Mradi mmoja wa wakati huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana unaonyesha kwamba hata mtaji hautoshi pale soko linapoanguka. Maofisa waliolemazwa vitani walipewa kwa pamoja ekari 25,000 katika eneo la Kericho, ardhi ya Wakipsigis, ili walime kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo, ambao bei yake ilikuwa imepanda sana wakati wa vita. Bei hiyo ilianguka katika miaka ya 1920 na 1921, wakati ambapo mabadiliko ya sarafu kutoka rupia yaliongeza uzito wa madeni ya walowezi wote, na mradi ukafa. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe, bali hatimaye iliingia katika kilimo cha chai. Mashamba mengine ya wanajeshi yalihitaji vibarua wa bei ya chini ili yasimame, na Gavana Edward Northey, ambaye naye alikuwa jenerali katika vita hivyo, alitoa waraka mnamo Oktoba 1919 akiwataka watumishi wa serikali na machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi mashambani. Kipande, yaani cheti cha kazi chenye alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, kilianza kutumika wakati huohuo, na mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Kwa ufupi, mpagazi wa zamani alitakiwa awe sehemu ya msaada aliopewa ofisa wa zamani.

Upande wa pili wa mpaka, askari waliolitumikia jeshi la Wajerumani, Schutztruppe, walitoka vitani wakiwa hawana serikali ya kuwadai wala ya kuwatunza. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, mnamo Novemba 1918, alikuwa na askari zaidi ya 1,100, na nyuma yao walikuwapo wake na watoto waliosafiri na msafara kwa miaka minne. Wanawake hao hawakuwa wafuasi wa hivihivi tu: ndio waliopika, waliotafuta chakula na kuuguza majeruhi, na katika kambi za wakati wa amani walipika pombe na kuuza vyakula, hata nyumba ya askari ikawa na njia ya pili ya kipato ambayo jeshi liliitegemea bila kuilipia. Mshahara wa miaka ya mwisho ya vita ulianza kulipwa na Ujerumani katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha malipo mengine kwa wazee waliokuwa hai.

Katika pengo hilo lililoachwa na serikali kila mtu alijitafutia. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari wa Kizulu aliyeletwa na Wajerumani, alipigana katika jeshi la Lettow-Vorbeck, kisha akaajiriwa katika reli chini ya Waingereza, akajenga nyumba na biashara Dar es Salaam, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Association, chama cha Waafrika. Huko Ukambani, Mutisya wa Munge wa Wamunyu alirudi kutoka vitani Tanganyika akiwa na ujuzi wa kuchonga vinyago aliojifunza kwa wachongaji wa huko, akawafundisha wa nyumbani kwake, na ufundi huo ukawa biashara ambayo vita vya pili viliipatia wateja wengi miongoni mwa wanajeshi wa kigeni. Hakuna ofisi ya serikali iliyopanga lolote kati ya hayo.

Vita Kuu ya Pili vilibadilisha ukubwa wa suala lenyewe. Kenya ilitoa takriban wanaume 98,000, Tanganyika takriban 87,000 na Uganda takriban 77,000, nao walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Tena wengi hawakuwa washika bunduki bali madereva, mafundi magari, makarani, waashi, matabibu wasaidizi na watu wa simu za upepo. Jeshi liliwafundisha kusoma kwa sababu silaha mpya ziliwahitaji wasomaji, na likaunda kikosi maalumu cha elimu ambacho walimu wake walifunzwa katika Jeanes School huko Kabete, chuo kilichoanzishwa mwaka 1925 ili kuandaa walimu wa vijijini. Mapema mwaka 1943, kabla hata kikosi kikubwa hakijapelekwa Burma, serikali ya Kenya ilikuwa na kamati ya kuchunguza ajira za Waafrika baada ya vita. Kamati haikukosa kuona mbali. Ilichokiona huko mbali ni kijana mwenye fedha, ufundi na kumbukumbu ya kumwona Mzungu akiogopa.

Mwaka 1945 ulipofika, askari alipitishwa katika kambi ya kuachiwa, akapimwa afya, akapewa cheti kilichoonyesha utumishi na ufundi wake, na akaandikiwa kiinua mgongo, yaani malipo ya mkupuo yanayotolewa mwisho wa utumishi. Kiasi chake kilifuata cheo na urefu wa utumishi, lakini kabla ya hayo kilifuata rangi: askari Mzungu wa cheo kilekile, aliyetumikia katika jeshi lilelile, alistahili hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika. Maofisa wa wilaya walihimiza fedha hizo ziwekwe katika akiba ya posta, wakihofia ulevi, kupanda kwa mahari na kupanda kwa bei ya ng'ombe. Hofu ya mahari haikuwa ya bure, ila ilisahau kwamba kwa kijana aliyekaa miaka mitano nje, mahari na mifugo ndivyo vilivyokuwa mtaji, na benki iliyomfungulia mlango hakuwa nayo.

Mke wa askari alikwisha kuingia katika mfumo huu tangu mwanzo wa vita. Sehemu ya mshahara wa mume iliweza kukatwa na kulipwa kila mwezi kwa jamaa aliyemtaja, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na hapo ndipo yalipozuka mashauri yasiyokwisha kuhusu nani mpokeaji halali, mke au baba mkwe, na nani mke pale ambapo mahari ilikuwa haijamalizwa. Makarani waliotaka cheti cha ndoa walikutana na ndoa zisizokuwa na karatasi. Kwa upande mwingine, mwanamke aliyezipata fedha hizo kwa miaka mitatu au minne, akalipa kodi, akanunua mbegu na mbuzi na kusomesha mtoto, alikuwa ameendesha mji peke yake, na mume alirudi kwenye nyumba yenye msimamizi. Nyaraka za wakati huo zinamtaja mke huyo zaidi kama chanzo cha malalamiko ya askari kuliko kama mtu wa kusaidiwa.

Mafunzo yaliyofuata yalikuwa na matokeo mchanganyiko. Jeanes School iliendelea kupokea askari wa zamani, na baadhi yao wakafunzwa kuwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii, watu waliopelekwa wilayani kuendesha vituo vyenye chumba cha kusomea, redio, gazeti na uwanja wa michezo. Walikumbana mapema na machifu, ambao hawakuelewa kwa nini koplo wa jana awe na jengo, mshahara na wasikilizaji nje ya mamlaka yao. Mafundi nao waliona vyeo vyao vya ufundi vya jeshini havihesabiwi na waajiri wa kiraia, kwa hiyo dereva au seremala alianza upya kwa ujira mdogo kuliko wa jeshini. Waruhiu Itote, koplo wa KAR aliyepigana Burma na ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China katika vita vya Mau Mau, alijikuta akichochea moto katika garimoshi la reli.

Biashara ndiyo iliyokuwa tamaa kubwa zaidi, na ndiyo iliyowekewa vizuizi vingi zaidi. Askari wa zamani waliunganisha viinua mgongo vyao wakaanzisha kampuni za duka, mkaa, kinu cha kusagia unga, na hasa za lori na basi, kwa maana udereva ulikuwa ufundi waliokuwa nao. Kampuni ya namna hiyo ilikuwa na wanahisa wengi, mwenye kuijua hesabu mmoja au asiwepo, na gari lililokwisha kuchakaa kabla ya kununuliwa. Ilihitaji leseni ya biashara, ambayo maofisa wa wilaya waliibana wakisema kwamba maduka yamezidi wanunuzi, na leseni ya usafirishaji, ambayo bodi iliwapa kwanza waliokuwa tayari barabarani. Kisha kulikuwa na kizuizi kisichoonekana dukani: sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika, iliyowekwa upya Kenya mwaka 1948 na ambayo Tanganyika ilikuwa na mfano wake, ilisema kwamba deni la Mwafrika linalozidi shilingi 200 halidaiki mahakamani pasipo idhini ya serikali. Sheria ilitetewa kuwa ngao ya mtu asiyejua madeni. Utendaji wake ulikuwa mwepesi kueleweka: muuzaji wa jumla, ambaye kwa kawaida alikuwa Mhindi, hakuwa na sababu ya kumpa mwenye duka Mwafrika bidhaa za shilingi 500 alipe mwisho wa mwezi, na mwenye duka akabaki kununua katoni moja moja kwa fedha taslimu, akauza ghali kuliko jirani yake. Kampuni zilipokufa, ripoti za wilaya zililaumu uaminifu mdogo na hesabu mbovu. Sababu hizo zilikuwapo, lakini kitani cha Kericho nacho kilikufa, na hakuna aliyekitoa kama hoja ya kufuta mikopo kwa Wazungu.

Kwa kweli mikopo hiyo ilirudi. Baada ya 1945 Kenya iliunda bodi ya makazi ya kilimo kwa Wazungu iliyowakopesha au kuwapangisha mashamba wanajeshi wa Uingereza, na chuo cha Egerton huko Njoro kikawafunza ukulima kabla ya kukabidhiwa ardhi. Huko Tanganyika, mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 uliwavuta Waingereza waliotoka jeshini na kununua mitambo ya ziada ya vita, vikiwemo vifaru vilivyogeuzwa matrekta, huku ukiwaajiri Waafrika kama madereva, mafundi na vibarua. Desemba mwaka huohuo wafanyakazi wa Kongwa waligoma, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni.

Huko Tanganyika vituo vya ustawi vilivyojengwa mijini kuanzia 1945 vilikusudiwa kwanza kuwa klabu za askari waliorudi, mahali pa kunywa chai na kusoma gazeti badala ya kuzurura, lakini makarani na walimu waliviingia kwa wingi kuliko waliokusudiwa. Nje ya vituo hivyo, Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, aliyerudi kutoka Burma, alifanya kazi na chama cha makuli wa bandari na baadaye akawa msimamizi wa soko la Kariakoo. Nchini Kenya, mafunzo ya wanawake yaliyokuwa yakiendeshwa Jeanes School, ambako tangu miaka ya 1920 mwanafunzi aliyeoa alikuja na mkewe, yalizaa vikundi vya vijijini vilivyounganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya jina la Maendeleo ya Wanawake. Vilifundisha ushonaji, usafi na malezi. Mtaji wa biashara haukuwamo katika mafunzo hayo, na sheria ya shilingi 200 iliendelea kutumika kwa mume na mke.