Kijiji au Mji: Somo Kutoka Eldoret

Katika mijadala ya shuleni hapana swali linalorudiwa mara nyingi kuliko hili: Je, ni bora kukaa kijijini penye utulivu, au mjini penye shughuli nyingi? Upande mmoja husimama na kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Upande wa pili hujibu kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Makofi hupigwa, na aghalabu kengele hulia kabla mshindi hajapatikana. Lakini pande zote mbili husahau jambo moja. Hudhani kwamba kila mtu aweza kuchagua mahali pa kukaa kama achaguavyo nguo dukani. Historia ya Eldoret, mji wa nyanda za juu za magharibi ya Kenya, yatuonyesha kwamba sivyo ilivyokuwa.

Kabla ya kuwako mji palikuwa na uwanda mpana wa majani, wenye baridi kali asubuhi, ulioinuka kiasi cha meta 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mashimo ya duara yaliyoachwa na wafugaji wa kale, ambayo wenyeji huyaita mashimo ya Wasirikwa, yathibitisha kwamba watu na ng'ombe walikaa huko tangu zamani. Baadaye walikuja Wamaasai wa Uasin Gishu, na jina lao likabaki juu ya uwanda hata baada ya wao kushindwa vitani katika karne ya 19. Kisha Wanandi wakalisha ng'ombe wao huko. Jina la Eldoret lenyewe yasemekana limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, yaani mto Sosiani upitao katikati ya mji.

Wanandi waliwapinga Waingereza kwa muda wa miaka kumi hivi. Mwaka wa 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa alipokwenda kukutana na afisa wa Kiingereza, na watu wake wakasukumwa katika eneo walilotengewa. Wakati huohuo uwanda huo ulikuwa ukizungumzwa mbali sana. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imewaambia viongozi wa Wazayuni kwamba Wayahudi waweza kupewa makao huko. Wajumbe walitumwa kuitazama nchi, na mwaka wa 1905 mkutano wao uliofanyika Basel, Uswisi, ulikataa. Basi tazama jinsi mambo yalivyokuwa: waliokuwa ng'ambo waliulizwa kama waipenda nchi hiyo au hawaipendi, na waliokuwa wakichunga ng'ombe juu yake hawakuulizwa neno.

Mwaka wa 1908 Makaburu zaidi ya 200 kutoka Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walipanda uwandani kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakipita katika misitu na matope. Serikali ilipima mashamba na kuyapa namba. Katika shamba namba 64 palifunguliwa posta, na kwa muda mrefu watu walipaita mahali hapo Sisibo, kwa kuitamka namba hiyo ya Kiingereza kwa ulimi wao. Mwaka wa 1912 mji ukapewa jina la Eldoret. Husimuliwa kwamba sanduku la chuma la benki ya kwanza lilianguka kutoka garini, na kwa kuwa lilikuwa zito mno kuinuliwa, benki ikajengwa palepale lilipoangukia. Reli ilipofika mwaka wa 1924, ngano na mahindi yakapata njia rahisi ya kwenda pwani, na mji ukaanza kukua.

Je, Mwafrika wa siku hizo alichagua nini kati ya kijiji na mji? Sheria ilikwisha kumchagulia. Sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 au zaidi aliyetoka katika eneo lake kuchukua kipande. Kilikuwa cheti chenye alama za vidole vyake na habari za kazi zake, nacho kilitiwa katika kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mjini alikuwa mfanyakazi tu, naye hakuhesabiwa kuwa mwenyeji. Shambani hali haikuwa bora. Sheria ya mwaka wa 1918 ilimtaka skwota amtumikie mwenye shamba si chini ya siku 180 kila mwaka ili aruhusiwe kujenga kibanda na kulima kipande cha ardhi. Mwaka wa 1937 halmashauri za walowezi zilipewa uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota. Hivyo utulivu wa shamba ulikuwa mali ya mwenye shamba, na shughuli za mji zilikuwa faida ya mwenye duka. Kwa mtu wa kipande, kijiji na mji vilikuwa milango miwili ya nyumba moja, na ufunguo wake aliushika mwingine.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, milango hiyo ilifunguliwa. Walowezi wengi waliuza mashamba yao. Wananchi waliyanunua kwa mikopo ya serikali, au kwa kuchanga fedha katika vyama na makampuni, na watu wa makabila mbalimbali wakawa majirani uwandani. Wengine walikwenda mjini. Viwanda vya nguo viliwaita vijana, na mitaa kama Langas na Huruma ikajaa watu. Mwaka wa 1984 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Moi, na makao yake makuu yakawekwa Kesses, mbali na makelele ya mji. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Eldoret ilikuwa na watu zaidi ya 475,000, na mwezi wa Agosti 2024 ilipewa hadhi ya jiji.

Lakini uhuru wa kuchagua ni kitu kiwezacho kupotea tena. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilienea nchini, na uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto huku ndani yake mkiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu waliviacha vijiji vyao wakakaa katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini. Watu hao hawakuja mjini kwa kuvutiwa na taa zake. Utulivu wa kijiji ulikuwa umevunjwa na majirani, wala hapana mali au elimu iliyoweza kuurudisha mara moja.

Panapokuwa na amani, mambo ni tofauti kabisa. Maziwa na mahindi ya vijijini huulisha mji, na mji nao hurudisha mbolea, dawa na vitabu. Mkimbiaji Eliud Kipchoge, ambaye mwaka wa 2019 alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kwa miaka mingi alikaa siku za juma katika kambi ya mazoezi ya Kaptagat, akifagia na kufua kama wenzake, na mwisho wa juma akarudi kwa jamaa yake Eldoret. Mtu huyo hakulazimika kukitupa kijiji ili aupate mji. Barabara ilikuwa wazi, naye alipita apendavyo.

Kwa hiyo, wanafunzi, siku mtakapojadili swali hili msiishie katika kuhesabu faida na hasara. Hewa safi ya shambani ni njema, na hospitali ya mjini ni njema pia. Lakini ulizeni kwanza kama mtu ana haki ya kukaa apendapo, na kama jirani atamwacha alale usingizi. Babu zetu walinyimwa haki hiyo kwa sheria ya wageni; mwaka wa 2008 wananchi walinyang'anyana wao kwa wao. Kijiji kitakuwa kizuri, na mji utakuwa mzuri, pale tu mtu awezapo kuondoka katika kimoja kwa hiari yake na kupokewa katika kingine kwa salama.