Imekauka, Haijakomaa

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa fundi pikipiki, Sinza, nasubiri kubadilishiwa cheni, nikakuta mabishano. Dereva mmoja wa bodaboda alisimama mbele ya waya ulioning'inizwa kalipa ya breki yake ya mbele, nyekundu mpya, inang'aa. Akaigusa. Kidole kikatoka kikavu.

"Fundi, si imekauka hii? Nifungie niondoke, tajiri anataka hesabu yake."

Fundi hakuinua hata kichwa. "Imekauka, mdogo wangu. Haijakomaa."

Waliendelea kuvutana, na mimi nikabaki na neno lile. Kwa sababu ukiisoma historia ya vyombo vya moto, mabishano haya ni ya zamani kuliko pikipiki yenyewe.

Kabla ya magari kulikuwa na mabehewa ya farasi, na mabehewa yalipakwa rangi ya mafuta na vanishi, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisuguliwa kabla ya kupakwa linalofuata. Mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi ile hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu. Ni mabadiliko ya kikemia, na yana mwendo wake. Behewa la maana liliweza kukaa wiki kadhaa kwa mpaka rangi. Viwanda vya kwanza vya magari viliirithi kazi hiyo pamoja na subira yake.

Halafu akaja Henry Ford na haraka zake. Mwaka 1913, pale Highland Park, Michigan, mfumo wa kuunganisha magari kwenye mstari unaosogea ulianza, na muda wa kuunganisha chasisi ya Model T ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Sasa piga picha: chasisi iko tayari kwa saa moja na nusu, rangi inadai siku! Kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka nyeusi tu. Watu hupenda kusema ni kwa sababu nyeusi hukauka haraka kuliko rangi zote. Mimi naona hadithi hiyo imenyooshwa mno. Rangi moja ilikuwa rahisi na nafuu, na enameli nyeusi yenye lami ilivumilia kuokwa kwenye tanuri, wakati rangi nyepesi zingebadilika kwa joto. Ukomavu haukufutwa, uliharakishwa kwa moto.

Jibu jingine lilitoka kwenye baruti. Kampuni ya DuPont ilikuwa imetengeneza baruti nyingi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na malighafi yake mojawapo ilikuwa nitroselulosi, yaani pamba iliyopitishwa kwenye asidi. Miaka ya 1920 ilipoanza, wanakemia wake waliigeuza kuwa laka ya kupuliza, wakaiita Duco. Mwaka 1923 General Motors waliipaka kwenye magari ya Oakland, ya buluu. Wiki zikawa saa. Ila laka ile hukauka kwa tina kuruka tu, haigeuki kuwa kitu kingine. Hata miaka ikipita, idondoshee tina, italainika tena. Watu walipewa ukavu, wakadhani wamepewa na ukomavu.

Na kalipa? Kwa miaka mingi pikipiki zilificha breki ndani ya dramu. Mwaka 1969 Honda wakatoa CB750, pikipiki ya kwanza kuzalishwa kwa wingi ikiwa na breki ya diski ya haidroli mbele. Breki ikatoka nje, hadharani, na kinachoonekana binadamu atataka kukipamba. Bahati mbaya hakuna mahali pabaya kwa rangi kama pale: joto, vumbi la pedi, tope, na zaidi ya yote mafuta ya breki. Yale ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hula rangi. Najua ninachosema. Niliwahi kuipaka yangu jioni na kuifunga asubuhi; wakati wa kutoa upepo tone moja likachuruzika, na rangi ikajikunja kama utando wa maziwa.

Hiyo yangu ilikuwa aibu tu. Kwa mtu anayebeba abiria kutwa nzima si aibu. Rangi laini ikisogea hadi kwenye pini ambazo kalipa huteleza juu yake, kalipa inakwama. Ikifika kwenye pedi, breki inashika nusu. Ndiyo maana fundi yule alikuwa ametoa pedi, akaziba pistoni kwa karatasi ya gundi, akafuta grisi yote, kisha akapuliza matabaka membamba matatu badala ya moja zito.

"Basi nipe hivyo hivyo," kijana akasema mwishowe. "Nitapiga kazi na breki ya nyuma."

Hapo ndipo fundi alipoinuka. Aliingia ndani, akatoka na kalipa nyeusi iliyochubuka, ya pikipiki mbovu ya aina ileile, akaifunga, akatoa upepo, akaminya breki mara kadhaa mpaka ikawa ngumu.

"Hii uirudishe Jumanne."

Kijana alilipa nusu, akawasha, akaingia Shekilango. Ile nyekundu ikabaki kwenye waya, na mtoto mmoja aliyekuwa akipita akainyooshea kidole.

"Usiguse," fundi akasema.