Istilahi ya Impidansi na Chombo Kinachopunguza Kile Kinachokipima

Ye yote atakayefasiri kijitabu cha maelezo ya kinasa-data atakutana na sentensi isemayo kwamba impidansi ya ingizo ya chombo hicho ni kubwa. Mfasiri mmoja, ambaye kazi yake niliipitia, aliandika kwamba chombo "kina kizuizi kikubwa mlangoni". Mwalimu aliyepewa kijitabu hicho akadhani huo ni upungufu, akaomba aletewe chombo chenye kizuizi kidogo. Maneno yalikuwa Kiswahili sanifu, lakini maana ilikuwa imepinduka. Yafaa basi tuitazame historia ya jambo lenyewe kabla ya kugombania neno.

Mwaka 1827 Georg Simon Ohm alichapisha kanuni ya uhusiano baina ya volteji, mkondo na ukinzani. Humo mlikuwa tayari na shida ya wapimaji. Galvanomita haionyeshi kitu mpaka mkondo uipitie, na mkondo huo hauna budi kutolewa na kile kinachopimwa. Ikiwa chanzo kina ukinzani wake wa ndani, sehemu ya volteji hupotea humo humo kabla ya kuifikia mita. Mwaka 1841 Johann Christian Poggendorff alieleza njia ya kuikwepa shida hiyo: volteji inayojulikana hukabilishwa na ile isiyojulikana hadi mkondo uwe sifuri. Hapo chanzo hakidaiwi chochote.

Neno lilikuja baadaye. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya telegrafu, alilibuni mwaka 1886 kwa ajili ya umeme unaobadili mwelekeo, ambao hupingwa na ukinzani wa waya na pia na koili na kapasita. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufunga miguu. Pingu, kwa lugha yetu. Hata hivyo Heaviside alikuwa akitaja kiasi kinachopimika tu, pasipo sifa wala lawama. Kizuizi, kwa msemaji wa Kiswahili, ni kitu kinachongoja kuondolewa, na ndipo mwalimu yule alipopotea.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika huko California mwaka 1934. Mkemia aliyeshughulika na malimau alitaka kupima ukali wa asidi katika maji ya matunda hayo, akamwendea Arnold Beckman. Elektrodi ya kioo ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwanzo wa karne, lakini kioo hakipitishi umeme ila kwa shida. Ukinzani wake huweza kufika megaomu 100 na zaidi. Ili galvanomita ipate mkondo wa kutosha, kioo kilifanywa chembamba mno, nacho kikavunjika ovyo. Beckman aliweka kikuza-umeme cha vali mbili baina ya elektrodi na mita, nacho kikavuta mkondo mdogo sana. Kioo kikaweza kuwa kinene, na kifaa kikahimili kazi ya kila siku. Hataza yake ilitolewa mwaka 1936.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme elektrodi ya megaomu 100 inatoa milivolti 220, nasi tunaiunga kwenye kinasa-data chenye impidansi ya megaomu 10. Chombo kitapata sehemu 10 tu katika 110, yaani milivolti 20. Kitaziandika milivolti hizo 20 usiku kucha, bila kusita na bila kutoa onyo. Impidansi ikiwa megaomu 1,000,000, upungufu ni kama sehemu moja katika 10,000. Kwa themokapo, ambayo ukinzani wake aghalabu ni omu chache, megaomu 10 zinatosha kabisa.

Kwa maoni yangu tuliache neno "impidansi" kama lilivyo, tuseme "impidansi ya ingizo", na "ukinzani" libaki na maana yake finyu. Lakini mfasiri aongeze maneno machache: kwamba kadiri impidansi hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo chombo kinavyovuta mkondo mdogo kutoka katika chanzo. Tena aangalie vinasa-data vinavyopokea njia nyingi kwa zamu. Humo mara nyingi mna kapasita ndogo ambayo lazima ijazwe upya kila zamu kupitia ukinzani wa chanzo. Zamu zikienda haraka, kipimo cha njia ya pili hubeba masalio ya ile ya kwanza, hata kama impidansi iliyoandikwa kijitabuni ni kubwa.