Ukuaji Baada ya Kiwewe: Istilahi na Maisha ya Lubumbashi

Katikati ya miaka ya 1990, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Charlotte, Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walilipa jina jambo ambalo wazee na viongozi wa dini wamelisema tangu zamani: mtu aliyefikwa na balaa zito anaweza, baada ya muda, kujikuta na nguvu na busara ambazo hakuwa nazo kabla. Kwa Kifaransa, lugha ya masomo ya vyuo vyetu hapa Kongo, jambo hilo huitwa croissance post-traumatique. Kwa Kiswahili ninapendekeza tuliite ukuaji baada ya kiwewe, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na maana. Ukuaji baada ya kiwewe ni mabadiliko mema anayoyapata mtu kutokana na kupambana na tukio lililotikisa misingi ya maisha yake. Mkazo uko kwenye kupambana. Tukio lenyewe halina wema wowote wa kumpa mtu. Wema, ukipatikana, hutokana na kazi anayoifanya mtu huyo baadaye, pamoja na wale wanaomshika mkono. Mwaka 1996 Tedeschi na Calhoun walichapisha dodoso la kauli 21 linalopima ukuaji huo katika maeneo matano: uhusiano na watu wengine, njia mpya za maisha, nguvu binafsi, mabadiliko ya kiroho, na kuthamini uhai.

Wataalamu hao walilifananisha tukio la namna hiyo na tetemeko la ardhi. Linaloanguka ni imani tulizozitegemea bila kuzifikiria: kwamba kesho itafanana na leo, kwamba anayefanya kazi atakula, kwamba jirani ni jirani. Mwanzoni mawazo humjia mtu bila kuitwa, usiku na mchana. Baadaye, hasa akipata wa kumsikiliza, huanza kuyatafakari kwa hiari yake na kujipangia upya maana ya maisha. Hapo ndipo ukuaji unapoanzia, na si kila mtu anaufikia.

Istilahi hii inachanganywa mara nyingi na ustahimilivu, ambao Wafaransa huuita résilience. Neno hilo lilikuwa la mafundi wa metali kabla ya kuwa la wanasaikolojia, na mji wa shaba kama wetu unastahili kulijua hivyo. Mwaka 1901 mhandisi Mfaransa Georges Charpy alieleza kipimo chake: kipande cha metali kinachanjwa mkato mdogo katikati, kinawekwa kwenye mashine, kisha nyundo inayoning'inia inaachiwa kukipiga. Kinachopimwa ni nishati inayohitajika kukivunja. Wanasaikolojia walipolichukua neno, waliuliza swali lile lile kuhusu watu. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, wakaona kwamba kati ya wale waliokulia kwenye mazingira magumu zaidi, karibu theluthi moja walikuwa watu wazima wenye uwezo na utulivu. Hao ni wastahimilivu. Mstahimilivu anapigwa na anabaki mzima. Anayekua baada ya kiwewe ametikisika kweli, na hakurudi alivyokuwa.

Sasa tuyapime maneno yenyewe. Neno kiwewe linaeleza hali ya kuduwaa na kupotewa na fikra kwa sababu ya mshtuko. Wapo wanaopendelea jeraha, maana asili ya Kigiriki ya neno traumatique ni hiyo hiyo. Lakini kiwewe limekwisha kuzoeleka katika msongo wa mawazo baada ya kiwewe, yaani ugonjwa wenyewe, na kulitumia pande zote mbili kunamkumbusha msomaji kwamba tukio moja linaweza kuzaa maradhi na ukuaji ndani ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Ukuaji nao ni bora kuliko ukomavu, kwa sababu kinachokomaa kimefika mwisho, na mtu hafiki. Muhimu zaidi ni baada ya. Anayesema "ukuaji kutokana na kiwewe" anayapa mateso sifa isiyo yao.

Historia ya mji wetu inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya Union Minière, kampuni iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule, hata wafanyakazi wakaiita baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka mwaka 1990. Uporaji ukafuata mwaka 1991. Na mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo la Katanga, wakalala na watoto wao kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni, na wengi wakafia humo. Uzalishaji ulishuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliokuwa hawajalipwa mishahara kwa muda mrefu waliondolewa kazini kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kuhusu familia hizo mwaka 2001, na jina lake linawataja wana Shaba walioachwa na baba yao. Anaonyesha mamlaka ya nyumbani yakibadilika. Mke aliyekuwa akingoja tarehe ya mshahara wa mumewe alitoa meza mbele ya nyumba: unga wa mahindi kwa kipimo cha meka, mafuta ya kula kwenye vifuko vidogo, makala, yaani makaa, kwa mafungu. Jioni alihesabu, akatenga ya bukari, yaani ugali, ya kesho, akatenga ya likelemba, mchango wa kupokezana. Alijifunza bei, akajifunza kumkatalia anayekopa, na neno lake likapata uzito nyumbani. Ukiyaweka hayo mbele ya dodoso la 1996, unaona njia mpya, nguvu binafsi na uhusiano na wenzake. Lakini nyumba hiyo hiyo ilikuwa na mume aliyeonea haya mikono mitupu na mtoto aliyeacha shule kwenda kuchimba. Ukuaji haukuifuta hasara. Viliishi chini ya paa moja.

Tangu mwaka 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na Dibwe pamoja na mwanahistoria mwenzake Bogumil Jewsiewicki, uliwapa wakazi nafasi ya kusimulia kazi zao na maisha yao kwa maneno yao wenyewe. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, aliwaweka wafanyakazi wa picha za kale mbele ya magofu ya viwanda vya leo. Kazi hizo zinalingana na kile nadharia inachokiita kutafakari kwa hiari: jambo lililompata mtu linapata msimulizi, na msimulizi anapata wasikilizaji.

Kwa hiyo ninaomba istilahi hii itumiwe kwa uangalifu. Mwenye haki ya kusema "nimekua" ni aliyeumia mwenyewe, kwa wakati wake. Muuguzi, mchungaji au ndugu hapaswi kumwambia aliyefiwa kwamba msiba utamkuza. Kazi yake ni kumsikiliza na kukaa naye. Na wenye mamlaka wasilitumie neno ukuaji kufunika wajibu wao. Madai ya wafanyakazi wa 2003 hayapungui hata senti moja kwa sababu wake zao walijifunza biashara.